Buti za ujenzi

Buti za ujenzi (pia buti za usalama, katika mazungumzo ya kila siku sefti buti) ni viatu vizito vinavyofunika mguu hadi kwenye kifundo au juu yake. Hutengenezwa ili kumkinga mfanyakazi dhidi ya vitu vinavyoanguka, misumari, utelezi, maji na ukali wa saruji. Huvaliwa na waashi, mafundi nondo, maseremala, saidia fundi, waendesha mitambo na wasimamizi wa kazi.

Kudumu kwa buti hupimwa kwa njia mbili zisizolingana. Ya kwanza ni muda ambao kiatu kinaendelea kuvalika. Ya pili ni muda ambao kinaendelea kukinga. Mara nyingi kinga huisha kwanza. Buti yenye ngozi inayong'aa inaweza kuwa na soli isiyoshika tena chini, au kofia ya vidole iliyokwisha kupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo mfanyakazi anaweza kuumia akiwa amevaa kiatu ambacho kwa macho bado ni kizima.

Makala hii inaeleza muundo wa buti hizo, mambo yanayoziharibu na namna ya kuzitunza, hasa katika mazingira ya mji wa Morogoro na Milima ya Uluguru nchini Tanzania.

## Jina

Neno "buti" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, kama yalivyoingia maneno "soli" na "soksi". Buti ndefu za mpira au plastiki zinazofika karibu na goti huitwa gambuti. Katika maeneo ya ujenzi, ambayo wengi huyaita "saiti", buti huhesabiwa miongoni mwa vifaa kinga pamoja na kofia ngumu, glavu, miwani na kizibao cha kuakisi mwanga.

## Viatu vinavyovaliwa kwenye ujenzi

Viatu vinavyoonekana kwenye saiti za Tanzania ni vya aina mbalimbali, na si vyote vinavyostahili kuitwa buti za ujenzi:

* Buti za ngozi zenye kofia ya vidole: ndizo buti za usalama kwa maana kamili. Zinafaa kwa kazi nyingi za ukavu.
* Gambuti: zinafaa kwa kumwaga zege, kuchimba msingi wenye maji na kazi za matope. Gambuti za kawaida za shambani hazina kofia ya vidole wala bamba la kuzuia misumari. Gambuti za usalama huwa nazo.
* Buti za mitumba: baadhi ni buti za usalama zilizotumika, nyingine ni buti za kutembelea milimani au za mitindo tu.
* Raba, katambuga, ndala na yeboyebo: huvaliwa sana na vibarua wa nyumba za watu binafsi. Katambuga, ambazo hushonwa kwa tairi chakavu, zina soli ngumu inayodumu kwa miaka, lakini huacha vidole na juu ya mguu wazi. Zinaonyesha vizuri kwamba kudumu na kukinga ni mambo mawili tofauti.

## Muundo

Buti ya usalama ina sehemu kuu zifuatazo.

Sehemu ya juu hufunika mguu na kifundo. Mara nyingi ni ngozi ya ng'ombe iliyotiwa dawa kwa chumvi za kromi. Ngozi halisi ina nyuzi zilizosukana, hivyo hupitisha jasho na kujikunja mara nyingi bila kupasuka. Buti za bei nafuu hutumia ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki, au plastiki tupu yenye sura ya ngozi. Tabaka hilo la plastiki huanza kubanduka mahali mguu unapojikunja, na baada ya hapo maji huingia kwa urahisi.

Kofia ya vidole huwa ya chuma, alumini au plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi. Hukaa kati ya ngozi na bitana.

Bamba la kati hukaa juu ya soli ili kuzuia misumari. La chuma huzuia hata misumari myembamba, lakini halifiki hadi kwenye kingo zote za wayo. La nyuzi zilizofumwa ni jepesi na hufunika wayo wote, ila msumari mwembamba wenye ncha kali unaweza kulipenya kwa urahisi zaidi.

Soli hutengenezwa kwa mpira, poliurethani au mchanganyiko wa tabaka mbili. Poliurethani ni nyepesi na hupunguza mshtuko wa kisigino; mpira ni mzito zaidi lakini huvumilia joto na msuguano.

Kiungo cha soli na sehemu ya juu ndicho kinachoamua kama buti inaweza kutengenezwa upya. Zipo njia tatu kuu: kubandika kwa gundi, kumimina soli ya moto moja kwa moja juu ya kiatu, na kushona kwa ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo. Njia ya ukanda ilipata mashine zake nchini Marekani katika karne ya 19 na inaitwa kwa jina la Goodyear, yaani Charles Goodyear Mdogo. Baba yake ndiye aliyepata hataza ya kuimarisha mpira kwa salfa mwaka 1844, hatua iliyofanya mpira ufae kwa soli na gambuti. Buti iliyoshonwa kwa ukanda inaweza kubadilishwa soli. Ile ya kumiminwa ni vigumu sana.

## Viwango na alama

Kiwango cha kimataifa kinachotumika zaidi kwa buti za usalama ni ISO 20345. Kinadai kofia ya vidole ihimili pigo la juli 200 na mgandamizo wa kilonyutoni 15. Juli 200 ni sawa na kitu cha kilo 20 kilichoanguka kutoka urefu wa takriban mita 1, au cha kilo 50, ambao ndio uzito wa mfuko wa kawaida wa saruji, kutoka takriban sentimita 40. Mgandamizo wa kilonyutoni 15 unakaribia uzito wa tani moja na nusu.

Herufi na namba zilizoandikwa kwenye ulimi wa buti au pembeni mwa soli hueleza kinga iliyomo:

* SB: mahitaji ya msingi, hasa kofia ya vidole.
* S1: kisigino kilichofungwa, kinachopunguza mshtuko, na uwezo wa kutoa umeme tuli.
* S2: kama S1, pamoja na sehemu ya juu inayochelewesha maji kupenya.
* S3: kama S2, pamoja na kinga dhidi ya misumari na soli yenye meno.
* S4 na S5: buti za mpira au plastiki tupu, yaani gambuti za usalama; S5 ina kinga dhidi ya misumari na soli yenye meno.

Kwa kazi za ujenzi wa nyumba, barabara na madaraja, S3 na S5 ndizo zinazofaa, kwa sababu misumari ni hatari ya kila siku. Buti zenye alama ya ISO 20346 zina kofia inayohimili juli 100 tu, na zile za ISO 20347 si lazima ziwe na kofia kabisa.

Alama hizi zina mipaka yake. Uwezo wa kutoa umeme tuli si sawa na kuzuia umeme: fundi umeme anayefanya kazi karibu na nyaya zenye umeme anahitaji buti za aina nyingine. Vilevile vipimo vya utelezi hufanywa maabara juu ya vigae vyenye maji ya sabuni, na juu ya sakafu yenye gliserini. Havisemi lolote kuhusu udongo mwekundu uliolowa.

Nchini Tanzania, masuala ya viwango vya bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

## Historia katika eneo la Morogoro

Kazi kubwa za ujenzi si ngeni Morogoro. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani, ilifika Morogoro mwaka 1907. Kwa muda mrefu wafanyakazi wengi wa mikono nchini walifanya kazi peku au kwa katambuga.

Baada ya uhuru, Morogoro ilichaguliwa kuwa mji wa viwanda, na miongoni mwake vilikuwamo viwanda vya ngozi na viatu. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilipangwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, kutosheleza soko la ndani na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikufika hata asilimia 5 ya uwezo wake. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, jambo lisilofaa kwa joto la Morogoro. Uzalishaji ulisimama mwaka 1990. Kiwanda hicho hutajwa mara kwa mara katika maandishi ya uchumi kama mfano wa mradi uliopangwa bila kuzingatia mazingira. Kwa hiyo mji uliokusudiwa kuvisha wengine viatu ukabaki kutegemea bidhaa za nje na mitumba.

Utengenezaji wa buti za ngozi nchini umeendelea kwingineko, hasa Moshi, ambako kiwanda cha Karanga kinachohusishwa na Jeshi la Magereza hutengeneza buti na bidhaa nyingine za ngozi.

Katika karne ya 21 mahitaji ya buti yaliongezeka kutokana na miradi mikubwa. Reli ya kisasa (SGR) ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, na huduma za abiria hadi Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024. Kipande kinachoendelea kuelekea Makutupora kinapita katika mahandaki wilayani Kilosa. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, mradi wa megawati 2,115 ulioanza kujengwa mwaka 2019, liko upande wa kusini-mashariki, mpakani na Mkoa wa Pwani. Kwenye miradi ya namna hii buti ni sharti la kuingia getini. Kwenye nyumba za watu binafsi hali huwa tofauti.

## Mazingira ya Morogoro na Uluguru

Mji wa Morogoro uko takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam, chini ya Milima ya Uluguru, kwenye urefu wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha juu cha milima hiyo, Kimhandu, kinazidi mita 2,600. Tofauti hiyo ya kimo hufanya fundi mmoja akutane na mazingira mawili ya kazi ndani ya wiki moja.

Mjini na kwenye tambarare, kama Kihonda na Mkundi, kuna joto, vumbi na jua kali kwa miezi mingi. Ngozi hukauka, na soli husagwa na kokoto na sakafu ya zege.

Milimani, kama Mgeta, Bunduki, Kinole na Matombo, hali ni ya ubaridi na unyevu. Miteremko ya mashariki, inayopokea upepo kutoka Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi kuliko mji wenyewe. Mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Udongo wake mwekundu wenye mfinyanzi hunasa kwenye meno ya soli hadi soli inakuwa bapa. Hapo hata buti mpya huteleza kama iliyokwisha. Mahali gari haliwezi kufika, matofali, mbao na mabati hubebwa kichwani au begani kupitia vijia vya mteremko. Mbebaji haoni vizuri anapokanyaga, hivyo usalama wake hutegemea soli na kisigino.

Buti zilizolowa milimani hazikauki usiku mmoja. Fundi anayezivaa tena asubuhi zikiwa na maji huziharibu mara mbili: nyuzi za ngozi hulegea na mshono huoza. Pia miguu yake hupata fangasi na malengelenge.

## Yanayoharibu buti

### Saruji

Saruji iliyolowa ni alkali kali. Kipimo chake cha pH huzidi 12. Ngozi ya kiatu, kinyume chake, hutengenezwa ikiwa na asidi kidogo. Zege linapokaa juu ya ngozi, alkali huvunja mafuta yaliyowekwa kiwandani ili kuilainisha. Ngozi hukauka, huwa ngumu, kisha hupasuka mahali vidole vinapojikunja. Uzi wa pamba huoza mapema. Wa poliesta au nailoni huvumilia zaidi.

Hatari kubwa zaidi ni kwa mwili. Zege likiingia ndani ya buti fupi na kubaki kati ya soksi na ngozi ya mtu, linaweza kuunguza polepole bila maumivu makali mwanzoni. Ndiyo sababu kumwaga zege kunataka gambuti, na suruali ivaliwe nje ya gambuti ili zege lisichuruzike ndani.

### Misumari na nondo

Mbao za shata zinapobomolewa hubaki na misumari iliyosimama. Hii ni njia ya kawaida ya kuumia wayo. Tundu dogo la msumari huweza kuingiza vijidudu vya pepopunda vilivyomo kwenye udongo, na kidonda chenyewe hujifunga juu kabla ya kupona ndani. Aliyechomwa anatakiwa kwenda kituo cha afya hata kama damu ni kidogo, na bamba la buti hiyo lihesabiwe kuwa limetoboka.

### Pigo la vidole

Kofia ya vidole imetengenezwa kuhimili pigo kubwa mara moja. Baada ya pigo hilo inaweza kuwa na ufa au mkunjo usioonekana kwa nje, hasa ikiwa ya plastiki. Buti ya namna hiyo haitakiwi kuendelea kutumika kazini.

Baadhi ya wafanyakazi huogopa kwamba kofia ya chuma ikikunjwa itakata vidole. Uzito wa kuikunja kofia iliyofaulu kipimo ni mkubwa kiasi kwamba vidole visivyo na kofia vingepondwa kabisa kabla ya kufikiwa.

### Jua na moto

Kukausha buti juani mchana kutwa, juu ya bati au kando ya jiko la mkaa ni desturi ya kawaida msimu wa mvua. Joto hukausha ngozi kupita kiasi, huifanya ijikunyate, na hulegeza gundi ya soli. Buti nyingi zinazoachama mbele zimeharibiwa hivyo.

### Kukaa muda mrefu bila kutumika

Soli za poliurethani hudhoofishwa na unyevu wa hewa, hasa penye joto. Unyevu huvunja polepole minyororo ya molekuli zake hata kama buti imo ndani ya boksi. Baada ya miaka kadhaa soli huonekana nzima, lakini siku chache baada ya kuvaliwa hukatika vipande au kumeguka kama mkate mkavu. Jambo hili huwashangaza wanunuzi wanaodhani wameuziwa kiatu bandia. Soli za mpira hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho.

## Muda wa kudumu

Kwa matumizi ya kila siku kwenye ujenzi, muda unaotajwa mara nyingi ni kati ya miezi 6 na 12. Muda huo hutegemea kazi: buti ya msimamizi huweza kuvuka mwaka, na ya mmwaga zege ikaisha mapema zaidi. Kwa hiyo dalili ni mwongozo bora kuliko kalenda. Buti imekwisha kazi yake ikiwa:

* meno ya soli yamesagika, hasa ukingo wa nyuma wa kisigino;
* soli imepasuka kwa kukatiza mahali wayo unapojikunja;
* kofia ya vidole imeonekana nje au imewahi kupigwa kwa nguvu;
* maji yanaingia katika buti iliyokuwa haipitishi maji;
* kisigino cha ndani kimelegea na mguu unacheza;
* soli inabonyea au inameguka ikikandamizwa kwa kidole gumba.

## Utunzaji

Utunzaji hauhitaji vifaa vya gharama.

1. Zege na udongo viondolewe siku hiyohiyo kwa maji safi na brashi isiyo ya chuma. Zege likishakauka, kulibandua huondoka na tabaka la ngozi.
2. Soli ya ndani na kamba zitolewe, kisha buti ijazwe magazeti makavu na kuwekwa kivulini penye upepo. Magazeti yabadilishwe yanapolowa.
3. Baada ya kukauka, ngozi ipakwe kiwi au mafuta maalumu ya ngozi. Oili chafu ya injini haifai, kwa kuwa hulegeza gundi na kuvimbisha baadhi ya mpira.
4. Mwenye uwezo avae jozi mbili kwa zamu. Jozi mbili zinazopumzika hudumu kwa jumla kuliko jozi mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine, kwa sababu jasho hupata muda wa kukauka.
5. Soksi nzito zivaliwe na kufuliwa kila siku. Chumvi ya jasho huharibu bitana na ngozi.
6. Milimani, meno ya soli yasafishwe kwa kijiti kila yanapojaa udongo, hasa kabla ya kupanda ngazi au jukwaa.

## Matengenezo

Fundi viatu wa mtaani anaweza kushona upya mshono uliofumuka, kubandika soli iliyoachama na kuzungushia uzi ukingo wote wa soli. Matengenezo hayo huongeza miezi ya kuvaa. Hata hivyo sindano ikipita kwenye sehemu isiyopitisha maji huacha matundu, na kiraka cha tairi hubadilisha namna soli inavyoshika chini. Kofia ya vidole iliyopigwa na bamba lililotobolewa havitengenezeki. Buti ya aina hiyo bado inaweza kutumika shambani au nyumbani, lakini si kwenye saiti.

## Kununua buti za mitumba

Buti za mitumba kutoka Ulaya mara nyingi zilitengenezwa kwa ngozi nzuri, na huwavutia mafundi wenye uzoefu. Mnunuzi hushauriwa kuangalia mambo manne: alama ya kiwango kwenye ulimi, mwaka wa kutengenezwa, hali ya soli ikikunjwa na kukandamizwa, na kofia ya vidole ikipapaswa kwa mkono kutoka ndani. Buti yenye soli ya poliurethani iliyokaa miaka mingi ni ya kuepukwa hata kama haina mkwaruzo. Ngozi ya ndani iliyokwisha kufuata umbo la mguu wa mwingine huweza pia kuumiza.

Vipimo ni tatizo jingine. Buti nyingi za usalama hutengenezwa kwa miguu ya wanaume. Wanawake wanaobeba maji, mchanga na matofali mara nyingi hukosa saizi yao, na buti kubwa iliyojazwa soksi au matambara hukwaza na kuangusha.

## Sheria na gharama

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hiyo inamtaka mwajiri kutoa vifaa kinga vinavyofaa na kuvitunza. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, unaeleza kwamba vifaa kinga vitolewe na mwajiri bila gharama kwa mfanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hushughulikia fidia kwa walioumia au kuugua kutokana na kazi.

Ugumu uko kwenye ujenzi mdogo. Mwenye nyumba huelewana na fundi mkuu kwa mdomo. Fundi mkuu huita saidia fundi wa kutwa. Na wa mwisho katika mnyororo huo huja na viatu alivyonavyo. Buti haimo katika makadirio ya gharama pamoja na saruji, nondo na mbao. Njia rahisi ya kurekebisha hilo ni kuiandika buti kama kifaa cha kazi katika makubaliano ya mwanzo, kwa idadi na saizi za watu.

Bei ya chini pia si lazima iwe nafuu. Kwa mfano wa hesabu tu, buti ya shilingi 40,000 inayodumu miezi 4 hugharimu shilingi 10,000 kwa mwezi. Buti ya shilingi 90,000 inayodumu miezi 12 hugharimu shilingi 7,500 kwa mwezi, na katika muda huo wote mguu umekingwa. Kwa kibarua anayelipwa kwa kutwa, hata hivyo, shilingi 90,000 za mara moja ni ngumu kupatikana kuliko 40,000 mara tatu. Kwa sababu hiyo suala la ubora wa buti haliwezi kutenganishwa na suala la nani anazinunua. Msumari mmoja unaoweza kumweka mtu nyumbani wiki mbili bila ujira humgharimu yeye na familia yake kuliko tofauti ya bei ya jozi hizo.

## Tazama pia

* Vifaa kinga
* Saruji
* Ngozi (malighafi)
* Pepopunda
* Milima ya Uluguru
* Morogoro (mji)
* Reli ya Kati (Tanzania)